Shangazi, Tairi Zuri Linakaa Mbele au Nyuma?

Mpendwa Shangazi Mwanaidi,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini kuanza kusema nawe bila shikamoo siwezi. Mama angejua tu, hata kama yeye yuko Tanga mjini nami niko huku juu Amani, na angenipigia simu kunigombeza. Kwa hiyo shikamoo, Shangazi, na Mungu akurehemu huko uliko.

Barua hii nakuandikia wazi, anayetaka kuisoma na aisome, kwa sababu swali lililonifikisha kwako si la kwetu wawili peke yetu. Ni la Tanga nzima, mji ambao bi harusi wa juzi leo utamkuta juu ya baiskeli anakwenda sokoni. Swali lenyewe ni hili: ukiwa na tairi moja zuri na jingine lililochoka, lile zuri unaliweka mbele au nyuma?

Najua ungecheka kwanza, halafu ungesema, "Weye mtoto, huna la kufanya?" Ninalo, Shangazi, na ndiyo maana nauliza. Tangu mwaka jana mie ni bibi shamba huku Amani. Wakulima wa iliki na pilipili manga wako wametawanyika mabondeni, na kazi yangu ni kuwafikia, nitazame majani, nitazame mizizi, tubishane kuhusu kivuli na mbolea, ninywe chai yao, niende kwa mwingine. Pikipiki ya ofisi ilikufa zamani. Hata ilipokuwa hai, vijia vya msituni haikuvipenda. Basi nikajinunulia baiskeli ya milimani, ile ya gia, na kwa miezi mingi nilikuwa malkia wa njia hizi.

Halafu ikanyesha ile mvua ya rasharasha inayotangulia masika, nami nikaanguka kwenye kona, nusura niingie korongoni. Mkuu wangu wa kazi, mtu wa huruma kwelikweli, akaniambia kuna meza Muheza inanisubiri. Nikae pale, nipokee ripoti za wenzangu, niwe naona kutoka dirishani machungwa yakipakiwa. Akataka jibu kabla masika hayajakolea. Mama naye akasema, "Ikubali hiyo meza, mwanangu. Unataka nikuzike?"

Meza siitaki. Lakini sitakuficha, niliogopa. Niliogopa mpaka nikawa nafika kwenye mteremko nashuka kitini na kuikokota baiskeli kama mbuzi anayegoma. Nikajiwekea shauri moja: nikijua kwa nini nilianguka, nabaki na wakulima wangu. Nisipojua, nakwenda Muheza.

Na unajua nilivyo nikishikwa na kwa nini. Wewe ndiye uliyeteseka nayo kwanza.

Naiona baiskeli yako hapa nilipo. Nyeusi, ya kike, kengele yake imekwisha sauti imebaki kukohoa. Nyuma kwenye keria ulikuwa umefunga kimto ulichokishona mwenyewe kwa vipande vya kanga, ili niketi vizuri. Mkoba wako wa hina na piko ulining'inia kwenye usukani. Ulikuwa ukilikunja buibui, ukalibana kwa pini ya nguo lisiingie kwenye mnyororo, na haya, tumetoka Ngamiani tunakwenda Makorora kumpamba mwali wa watu. Wanawake walikuwa wakikuita kutoka barazani, "Bi Mwanaidi, leo wapi?" Nawe bila kupunguza mwendo, "Kwa wenye harusi! Nyie subirini zenu!"

"Shika keria," uliniambia kila tulipoondoka. "Usinishike kiunoni, n'na mtekenyo. Nikicheka tunakwenda mtaroni sote."

Nami hapo nyuma sikunyamaza. Kwa nini hina ya huyu imekolea na ya yule haikukolea? Kwa nini wanaolia ni mabibi harusi na si mabwana? Kwa nini baiskeli ikienda haianguki, ikisimama inaanguka?

"Kwa sababu ina akili kukushinda weye," ulinijibu hilo la mwisho. "Muulize babako, ndiye alosoma."

Nikamuuliza baba. Akasema nimuulize shangazi yangu, ndiye mwenye baiskeli.

Sasa, kuhusu matairi. Tairi la nyuma likiisha, tulikuwa tukienda kwa Fundi Salimu, na pale hapakuwa na mjadala. Jipya linakwenda nyuma. Lililokuwa nyuma linakwenda mbele kustaafu. Lililokuwa mbele linakatwakatwa, linafungia mlango wa banda la kuku. Tanga yote inafanya hivyo mpaka leo, na ukimuuliza mtu kwa nini anakutazama kana kwamba umeuliza kwa nini ugali unapikwa kwa maji. Nyuma ndiko kwenye mzigo. Nyuma ndiko kwenye mtu. Tairi la nyuma ndilo linalosukuma, ndilo linalosagika. Mbele kuna nini? Usukani na kengele.

Kwa hiyo nilipoinunua hii baiskeli ya gia, mtumba uliotoka ng'ambo, niliipeleka kwa Fundi Salimu huyohuyo. Sasa amezeeka, anavaa miwani mizito, ila mikono ni ileile. Tukaikagua pamoja. Tairi la mbele lilikuwa pana, lina meno makubwa yaliyoachana, na lilikuwa jipya kabisa. La nyuma lilikuwa jembamba kidogo, meno yake madogo madogo yamebanana, tena limeshaliwa katikati. Fundi Salimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Lahaula," akasema. "Huyu alokuwa nayo huko kwao alikuwa hajui kitu. Tairi la maana kaliweka mbele linapunga upepo!"

Tukacheka sana, Shangazi. Tulimcheka mtu ambaye hatumjui hata jina. Mie ndiye niliyecheka zaidi, nikasema pengine aliyeipanda alikuwa tajiri asiyeijua baiskeli, kaiweka sebuleni. Fundi akayabadilisha palepale. Lile pana likaenda nyuma, likapita kwa kubanwabanwa kidogo kwenye fremu, na lile lililochoka likaenda mbele kustaafu kama ilivyo ada. Nikampa asante, nikapanda nayo Amani.

Kiangazi kizima sikuona tatizo. Udongo ulikuwa mkavu, mgumu, na lile tairi pana nyuma lilikuwa linauma ardhi kwelikweli nikipanda. Nilikuwa nikiwapita vijana wanaokokota mikungu ya ndizi, nawasalimia kwa madaha. Nikajiambia Tanga tuna akili.

Siku ya kuanguka nilikuwa natoka kwa Mama Neema, mkulima wangu wa iliki, mjane, Mlutheri wa kanisani kila Jumapili, na mwenye ulimi ambao ungekuchekesha. Mvua ilikuwa imekatika. Ukungu umekaa chini kwenye mashamba ya chai. Nikashuka taratibu, breki nimezishika zote mbili, nikaingia ile kona inayozunguka juu ya korongo. Nikageuza usukani. Usukani ukageuka, baiskeli haikugeuka. Mbele pakaondoka tu, hata bismillahi sikuimaliza. Nilipojielewa nilikuwa kifudifudi kwenye michai, na gurudumu la nyuma la baiskeli linazunguka hewani ukingoni.

Mama Neema aliisikia kelele akateremka na kikapu chake kichwani. Akasimama, akanitazama.

"Bibi shamba, leo chai unaikagua kwa tumbo?"

Nikataka kucheka nikashindwa. Alipoliona hilo aliweka kikapu chini, akakaa na mimi kwenye matope, kitenge chake safi cha siku hiyo, hakujali. Alinishika mkono mpaka nikaweza kusimama.

Tangu siku hiyo nikawa nakokota. Na ni katika kukokota huko, Shangazi, ndipo ulipokuja. Nilikuwa nateremka kwa miguu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti, nikajiona kama nimekuona wewe. Maana ndivyo ulivyokuja kuwa ukitembea nami. Si kwa kunipakia. Kwa kuikokota.

Sijui siku ile ya kuanguka kwetu uliiweka wapi moyoni. Mie ninayo. Tulikuwa tunatoka Chumbageni, kumetoka kunyesha, barabara inang'aa, na mchanga umesombwa umekaa kwenye njia panda. Ukakata kona kurudi Ngamiani. Ghafla tukawa chini. Goti langu lilichubuka, na jino la mbele likavunjika ncha, hili hapa bado ninalo. Wewe ulinidaka kichwa kwa kiganja chako kisigonge lami, na kiganja hicho kikachanika. Hina ilimwagika ikachanganyika na maji, watu wakadhani ni damu, wakapiga yowe. Nawe ulikuwa unaniangalia mimi tu, unasema, "Yarabi toba, yarabi toba, mtoto wa watu."

Baada ya hapo hukunipakia tena. Ulisema, "Twende kwa miguu leo, tunyooshe viungo." Kesho yake hivyohivyo. Tulitembea Tanga nzima, wewe unaikokota baiskeli, mkoba uko kwenye usukani, kimto kiko kwenye keria, na juu ya kimto hakuna mtu. Nilikuuliza mara moja tu kwa nini. Ukasema jua limepungua ukali, ni vizuri kutembea. Lilikuwa linawaka kama kawaida.

Halafu siku moja nimetoka chuoni, nikakuona unapita upande wa pili wa barabara. Unaendesha. Peke yako, mbio, pini ya buibui iko mahali pake. Hukuniona. Nikasimama na juzuu yangu mkononi. Nikasema, kumbe anaendesha. Ni mimi tu ndiye asiyenitaka.

Nilikuwa mtoto, nikalimeza hilo, nikaacha hata kwenda nawe kwenye maharusi. Ukasema nimekuwa mkubwa, nina rafiki zangu. Na tukapendana vizuri tu, ukanisomesha kwa hina zako baba alipofariki, ukaniita kila Idi. Sukari ilipokulaza mie ndiye niliyekuwa nakukanda miguu. Lakini lile swali sikulirudia. Katika maswali yote niliyokuuliza maishani, nililoacha kuliuliza mara ya pili ni hilo.

Turudi kwenye tairi, maana ndilo lililonifungulia.

Kwanza niliuliza simu. Kule kwenye jiwe kubwa juu ya shule ndiko mtandao unashika, nikakaa hapo kama mjusi, nikatazama watu wa nchi za mbali wanavyoshuka milima na baiskeli. Wote wanasema kitu kimoja: lenye meno makubwa mbele, linalobingirika kwa wepesi nyuma. Nikasema sawa, lakini hao wana milima ya mawe na matairi ya kila namna, na mie nina udongo mwekundu na haya mawili. Sikuwaamini. Nilitaka kuona kwa macho.

Basi nikampitia Mama Neema, nikamwomba asimame kwenye kona moja iliyo salama, isiyo na korongo, chini ya nyumba yake, aangalie magurudumu yangu.

"Nitazame nini?"

"Lipi linaanza kuteleza. La mbele au la nyuma."

"Na ukianguka?"

"Basi utazame nimeanguka upande gani."

Akafunga kitenge vizuri, akasimama na fimbo, mwamuzi wa mpira kabisa. Kulikuwa kumenyesha usiku. Nikashuka polepole na matairi yakiwa kama alivyoyaweka Fundi Salimu, zuri nyuma. Kwenye kona mbele pakaponyoka, nikaweka mguu chini. Nikarudia, tena mbele. Tukainama pamoja kusoma alama. Alama ya gurudumu la nyuma ilikuwa nzuri, imechongeka kwenye tope, unaweza kuhesabu meno. Alama ya mbele ilikuwepo, ilikuwepo, halafu pale kwenye kona ikawa mfuto mmoja mpana, kama mtu amepitisha kisigino. Nikaligeuza tairi la mbele nilitazame. Vimeno vyake vilivyobanana vilikuwa vimejaa udongo hadi juu, limekuwa laini tupu. Nilikuwa nashuka mlima juu ya kipande cha sabuni.

Nikayabadilisha palepale uani kwake, kwa vijiko viwili alivyonipa na malalamiko mengi kuhusu vijiko vyake. La meno makubwa mbele. Hapo ndipo nikaona kwamba kwenye ubavu wake kuna mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka, na mie na Fundi tulikuwa tumelivisha kinyume. Nikaliweka sawa, nikalijaza upepo kidogo pungufu lilale ardhini vizuri. Lile jembamba likaenda nyuma na upepo wa kutosha, maana ndilo linalobeba uzito wangu.

Nikashuka kona ileile. Mbele pakashika. Nyuma pakateleza kidogo, pakatikisa mkia, halafu pakarudi penyewe. Nikapita! Nikarudia kwa kasi zaidi. Nyuma pakatikisa tena mkia, Mama Neema akapiga kelele, nami nikanyoosha usukani nikaendelea. Niliposimama nilikuwa nacheka peke yangu.

"La nyuma ndilo linateleza sasa," akasema. "Mbona huanguki?"

Hilo ndilo jambo lenyewe, Shangazi, na nimelizungusha kichwani tangu hapo. Nyuma pakiteleza, mbele bado panajua panakokwenda, na nyuma patafuata. Unapata nafasi ya kujirekebisha, hata ya kusema bismillahi yote. Mbele pakiteleza hakuna aliyebaki kuongoza. Baiskeli inalala na kila kilicho juu yake. Tena ukiwa unashuka na umeshika breki uzito wote unakimbilia mbele, ndiyo maana mbele ndiko panapohitaji meno.

Si kwamba sikupoteza kitu. Nikipanda kwenye tope, nyuma panazunguka bure, lazima niketi mwishoni mwa kiti na nikanyage kwa adabu, na wale vijana wa ndizi sasa ndio wananipita na kunisalimia kwa madaha. Lakini nyuma pakiniangusha napanda kwa aibu. Mbele pakiniangusha nashuka kwa machela. Nimechagua aibu.

Nikampigia Fundi Salimu. Akasikiliza yote, akashusha pumzi. "Huko ni milimani, mwanangu. Hapa Tanga nani anashuka mlima? Hapa nyuma ndiko kunakokwisha." Na hajakosea. Barabara zetu tambarare, mzigo nyuma, miiba nyuma, pancha nyuma. Ada yetu haikutoka hewani. Nikamuuliza, na mvua ikinyesha mtu akakata kona? Akasema mvua ikinyesha mtu akae kwake.

Ni hapo aliposema mvua ndipo nilipoikumbuka ile njia panda yetu, nikakaa chini.

Nikampigia mama. Sikumweleza matairi, nilimuuliza moja kwa moja. "Mama, Shangazi aliacha kunipakia kwa nini?"

Akaniambia kwamba jioni ya siku ile tulipoanguka, ulikuja kwake jikoni, kiganja kimefungwa kitambaa, hukukaa hata kwenye kibao. Ulimwambia, "Wifi, nisamehe. Mikono yangu haina amana tena. Sikufanya kitu, nimekata kona kama siku zote, na mtoto nimemwangusha. Simpakii tena mpaka nafa." Mama akakwambia ni ajali, kila mtu anaanguka. Ukamjibu kwamba tairi zuri unaliweka nyuma siku zote kwa sababu nyuma nimekaa mie, kwamba Fundi aliwahi kukwambia mbele pamekwisha utakuja kuanguka, ukamwambia, "Mbele nipo mie tu, nyuma kuna mtoto." Na kama ulishafanya hayo yote na bado nimeanguka, basi lililobaki ni mikono yako.

"Alilia sana," mama akasema. "Akaniapisha nisikwambie. Hakutaka uogope baiskeli."

Nimelia na mie, Shangazi. Nililia pale juu ya jiwe, watoto wa shule wakipita wananiamkia, shikamoo bibi shamba, nami naitikia marahaba kwa kamasi. Miaka yote hiyo nilidhani hukunitaka, kumbe ni mikono yako ndiyo uliyokuwa huiamini. Mkoba wa hina una uzito gani hata udai tairi jipya nyuma? Hata mtoto angelijua hilo. Lile tairi jipya lilikuwa langu. Kila lilipokuja jipya lilikuwa langu, nawe ukawa unaendesha juu ya kipara.

Kwa hiyo sikiliza sasa, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, hayo mengine ni maneno yangu ya kawaida. Mie nilikuwa nyuma siku ile. Ninakumbuka nilivyokaa. Keria haikuyumba, nyuma pale nilipokuwa palitulia tuli, na nikichungulia ubavuni mwako nililiona kwa macho yangu gurudumu la mbele likienda upande wake peke yake, kama lile langu kwenye kona ya michai. Ulikata kona vizuri. Ulishika usukani vizuri. Hukukosea kitu chochote kwa mikono ile, na hata tulipokuwa tayari tunaanguka bado ilifanya kazi, ikanidaka kichwa.

Nimemjibu mkuu wangu wa kazi kwamba meza ya Muheza ampe mwingine. Masika yameanza, leo nimeshuka kwa Mama Neema kwenye mvua yenyewe, nimefika. Mama nimemweleza, kaguna, halafu kaniuliza tairi zuri liko wapi. Nimemwambia liko mbele.

Lilikuwa tairi, Shangazi. Haikuwa mikono yako. Tungeyabadilisha tu, lile langu ukalichukua wewe mbele, ungenipakia mpaka siku ya harusi yangu.

Lala salama, mpenzi wangu.

Wako, mtoto wa kaka yako